Ukuta wa moto wa Linux: majibu ya maswali yenu

Nimeandika kanuni za ukuta wa moto (nftables, amri yake ni `nft`) kupitia SSH, yaani nikiingia kwenye mashine kwa mbali, nikajifungia nje. Nitarudije?

Kwa kibodi na skrini ya mashine yenyewe. Siku nyingine, kabla ya kupakia faili la kanuni, tega kamba ya kujiokolea:

`systemd-run --unit=okoa --on-active=2min /usr/sbin/nft flush ruleset`

Ukikwama, subiri dakika 2 kanuni zifutike. Mambo yakienda sawa, fungua dirisha la pili la SSH kwanza, ndipo uizime kwa `systemctl stop okoa.timer`. Dirisha la zamani si ushahidi, kwa sababu muunganisho uliokwisha kuanza hupita kwa kanuni ya `established` (miunganisho iliyopo tayari). Na `nft -c -f` inakagua sintaksia tu: kanuni safi kabisa inaweza kukufungia nje.

Nifunge poti (milango ya mtandao yenye namba) zipi?

Swali hili halichoki kurudi. Hufungi poti mojamoja, unafunga zote kwa `policy drop` (kila kisichoruhusiwa kinatupwa), kisha unafungua unazozijua. Usisahau `iif lo accept` (`lo` ni kiolesura cha mashine kujiongelesha), la sivyo huduma za mashine hiyohiyo zitashindwa kuongea zenyewe kwa zenyewe.

Seva ya Linux ina intaneti, kompyuta zilizo nyuma yake hazina. Kiolesura cha mtandao eth0 kiko nje, eth1 ndani.

Umeandika kanuni kwenye `input`, mnyororo (orodha ya kanuni) wa pakiti zinazoishia kwenye seva yenyewe, ukangoja muujiza. Pakiti inayopita tu kwenda kwingine haigusi `input`, inapita `forward`. Kwanza ruhusu Linux kupitisha pakiti: weka `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, uendeshe `sysctl --system`. Kisha kwenye mnyororo wa `forward`:

`ct state established,related accept`
`iifname "eth1" oifname "eth0" accept`

Na kwenye `postrouting` ya NAT (kubadilisha anwani, ili kompyuta za ndani zitoke kwa anwani ya seva):

`oifname "eth0" masquerade`

Ukiacha mstari wa kwanza wa `forward`, ule wa `established`, ombi litatoka na jibu litafia mlangoni.

Kama unatumia PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa intaneti), kiolesura cha nje ni `ppp0`, si `eth0`, na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) ni 1492 badala ya 1500. Dalili ya tatizo linalotokana na hilo: ping inakubali, lakini baadhi ya tovuti zinaganda katikati. Ongeza kwenye `forward`, juu ya kanuni za `accept`:

`tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu`

Wanaozima ICMP (ujumbe wa taarifa na makosa ya mtandao) yote "kwa usalama" hujitengenezea ugonjwa huuhuu, maana ujumbe wa kwamba pakiti ni kubwa mno husafiri kwa ICMP.

Kanuni zinapotea nikiwasha upya.

Ziweke kwenye `/etc/nftables.conf`, kisha `systemctl enable nftables`.

Nimefunga poti 8080 kwa ufw (programu rahisi ya kuandika kanuni), bado iko wazi. Huduma iko ndani ya kontena la Docker.

Docker hubadilisha anwani ya pakiti mapema, kwenye `prerouting`, kwa hiyo pakiti huenda `forward` bila kuonana na kanuni zako za `input`. Kama huduma ni ya mashine hiyo tu, ichapishe kwa `-p 127.0.0.1:8080:80` (8080 ni poti ya mashine, 80 ya ndani ya kontena). Vinginevyo tumia mnyororo wa `DOCKER-USER`, ukijua kwamba pakiti ikifika hapo poti imekwisha kuwa 80. Kanuni ya 8080 haitakamata kitu. Na ile `flush ruleset` ya juu hufuta kanuni za Docker pia, kwa hiyo ukishaitumia, anzisha Docker upya.

Sina haja na IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti), niipuuze?

Iko macho hata usipoihitaji. Andika kanuni kwenye `table inet` zishike IPv4 na IPv6, na usizuie ICMPv6 yote: bila hiyo mashine haimwoni hata jirani wa swichi moja.