Mimi jibu langu ni karai

Mmeuliza wiki hii, ni wapi hapa Kisumu mzazi anaweza kwenda na mtoto mdogo akili itulie. Najua wengi watasema Dunga ama Hippo Point, pale kando ya Ziwa Victoria. Mimi naomba tu, ziwani msiwapeleke watoto wakachezee maji, kichocho kipo, wale konokono wanakaa kwa majani hapo hapo ukingoni ambapo maji yametulia na ndipo mtoto anapenda kuingia, na mdudu wa kichocho anayetoka kwa hao konokono anapenya ngozi hata kama hauna kidonda. Ndugu yangu alienda choo chenye damu akiwa darasa la tatu, sijasahau.

Mwaka jana nilipoteza kazi, nikawa silali. Siku moja mfereji ulikuwa umekauka siku ya tatu, nikanunua mitungi miwili kwa kijana wa mkokoteni, mmoja nikamimina kwa karai nje ya mlango nifue. Kugeuka kuchukua sabuni, huyu wangu wa miaka miwili na nusu ashaingiza mikono mpaka viwiko. Nilitaka kumpigia kelele lakini hata sauti ya kupiga kelele sikuwa nayo, nikavuta kigoda nikakaa. Alikuwa na mkebe wa Blue Band tuliotoboa chini tukapandia miche ya sukuma, anachota, anauinua, maji yanashuka kwa zile tundu kama nyuzi, anaangalia mpaka uishe, anachota tena. Hasemi kitu. Jua la saa kumi linapiga zile nyuzi, na mimi nikajikuta napumua naye, akichota navuta, mkebe ukiisha naachilia. Nguo sikufua. Maji tukamwagia sukuma, na usiku huo nililala hadi asubuhi.

Kwa hivyo mimi nasema karai, nje, kivulini. Ila usitoke hapo hata simu ikilia, mtoto anaweza kuzama kwa maji ya sentimita 5, na mkimaliza mwaga ugeuze karai.

Lakini nikiandika hivi naona nimewakazia sana watu wa Dunga. Mamangu, dani yake huyu mtoto, akili yake hutulia pale tu, akiangalia mashua zikirudi, na mimi nimemnyima hiyo raha miaka miwili juu ya woga wangu. Jumapili mvua isiponyesha tutaenda wote watatu, mtoto na viatu vyake, tukae mbali na ukingo. Mkebe tutabeba, na mtungi mdogo wa maji ya nyumbani.