Mtoto wa awali, choo cha shule na safari ya Rombo

Novemba imeingia na mezani kwangu bado kuna barua za tangu Januari. Wenye haraka niliwajibu kwa simu wakati uleule. Majibu nayaweka hapa kwa ajili ya wenzao, maana Januari nyingine hiyo inakuja.

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa miaka mitano ameanza awali wiki iliyopita. Kila asubuhi analia mpaka anatapika. Mwalimu wake anasema nimvizie akigeuka nitoroke, lakini roho inaniuma. Nifanyeje? Mama wa Mbagala.*

Marahaba, mama. Usimtoroke. Mwalimu wake simlaumu, ana darasa limejaa na anataka kazi ianze. Hata mimi nilipoanza kufundisha niliwaambia wazazi hivyohivyo. Niliacha baada ya kugundua kwamba mtoto aliyetorokwa kesho yake halii sana, lakini kutwa nzima anaangalia mlango. Penseli iko mkononi, macho yako mlangoni, na ukimwita jina lake hasikii.

Muage. Mwambie unaondoka na utarudi, kisha ondoka kweli, usirudi kuchungulia dirishani. Saa sita kwake si kitu, kwa hiyo mhesabie muda kwa mambo anayoyajua: mtaimba, mtakunywa uji, mtacheza nje, mtaandika, halafu mama atakuwa pale chini ya mwembe. Na uwe chini ya mwembe kweli. Wiki ya kwanza ukichelewa nusu saa, kazi ya siku tatu imekwenda na maji. Kama atakayemfuata ni dada wa kazi, mwambie asubuhi kwamba ni dada, hata kama atalia kwa kusikia hivyo.

Kuhusu kutapika, usimshindilie chapati na chai ya maziwa saa kumi na mbili alfajiri. Kidogo kinatosha. Nilikuwa na binti mmoja ambaye mama yake alimkatia kipande cha kanga yake aliyokuwa akimbebea, upana wa kiganja, akamtilia kwenye mfuko wa sketi. Akizidiwa anaingiza mkono mfukoni, anatulia. Mwezi wa pili nilikiona kile kipande kinafutia ubao.

Wengi wanazoea ndani ya wiki mbili tatu. Ukipita mwezi bado anatapika, au analia hata Jumamosi akisikia shule ikitajwa, kaa na mwalimu mchunguze taratibu. Kuna anayempiga? Choo anakwenda?

*Nauliza kuhusu hichohicho choo. Binti yangu akirudi shule anakimbilia chooni hata begi hajavua. Mara mbili sare imerudi imelowa. Baba wa Tegeta.*

Nyumbani kwenu bila shaka choo kiko ndani, cha kukaa, kina taa. Shuleni amekuta tundu, giza na mlango usiofungika. Anaogopa atatumbukia, na hilo hawezi kukueleza kwa sababu anaona aibu. Basi anabana tangu asubuhi.

Jumamosi mama yake au shangazi yake ampeleke kwa jirani au ndugu mwenye choo cha kuchuchumaa, amwonyeshe miguu inakaa wapi na sketi inashikwaje. Warudie mara tatu nne mpaka aone ni jambo la kawaida. Sketi iwe ya mpira kiunoni, vifungo vitamchelewesha. Na mzoeze kusema kwa sauti, si kwa kunong'ona: "Mwalimu, naomba niende nje." Ukishangaa ni watoto wangapi wanaoanza shule wakijua kuhesabu mpaka mia lakini sentensi hiyo haiwatoki, hushangai peke yako.

*Kijana wangu atatimiza miaka mitano Machi na anasoma mpaka mabango ya daladala. Yupo mtu anaweza kutusaidia cheti cha kuzaliwa kisomeke mwaka mmoja nyuma, aingie la kwanza moja kwa moja. Unashaurije? Baba wa Morogoro.*

Nashauri huyo mtu usimpigie tena. Sera ya elimu, toleo la 2023, inataka mwaka mmoja wa awali na kuanza darasa la kwanza mtoto akiwa na miaka sita. Hicho cheti cha RITA kitamfuata mpaka kwenye kitambulisho cha NIDA na pasipoti, na kadi yake ya kliniki itakuwa inasema kingine. Tena la kwanza si kusoma tu. Kuna kungoja zamu, na kuna kugombania dawati na mtoto wa miaka minane. Mwache aendelee na mabango.

*Shule inataka shilingi 60,000 za joho, kofia na keki kwa mahafali ya awali. Nikikataa mtoto atadhalilika? Mama wa Kimara.*

Joho la mtoto wa miaka sita! Sitaficha, mimi naona ni kupoteza hela. Lakini hayo yasemee kwenye kikao cha wazazi, tena mapema, mpendekeze joho likodiwe au livaliwe kwa zamu wakati wa picha. Mkishindwa, na wenzake wote wanavaa, lipa. Mgomo wako usiubebeshe mtoto.

*Dada, mimi ni Mmwera wa Lindi, mume wangu ni Mchagga wa Rombo. Desemba hii nakwenda kwao mara ya kwanza, na binti yetu wa miaka miwili na nusu. Naogopa safari. Pia baba mkwe kwenye simu anamwita mtoto "mke wangu", naye analia. Nisaidie.*

Anza na tiketi, mdogo wangu. Desemba mabasi ya Kilimanjaro yanagombaniwa, kwa hiyo kateni sasa, na mtoto mkatieni kiti chake. Kumpakata kutwa nzima mpaka Moshi, halafu Himo, Marangu, Mkuu, utafika miguu huihisi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi kwa kutapika beba kopo lenye mfuniko na kitenge chakavu. Wakisimama kula, mtoto ndiye atangulie chooni, chipsi baadaye. Sweta iwe juu ya begi, usiku huko mlimani si wa Lindi.

Zawadi, peleka korosho za kwenu. Sukari na mchele wanavyo, ingawa navyo usiache, na mama mkwe mchukulie kanga.

Sasa babu. Babu na wajukuu ni watani, na hilo halikuanzia Rombo. Muulize mama yako babu yako alikuwa anakuitaje. Binti analia kwa sababu hajafundishwa kujibu. Mfundishe: "Sikutaki, huna meno!" Mzee atacheka mpaka aweke simu chini, na wakionana watakuwa wameshazoeana.

Jambo moja liwekeni sawa wewe na mumeo kabla ya kupanda basi. Kwa Wachagga binti wa kwanza kwa kawaida hupewa jina la bibi mzaa baba. Kama mlimpa jina la mama yako, swali litakuja, pengine kabla hujamaliza bakuli la mtori. Ajibu mumeo. Wewe tabasamu, ule.

Na ukiwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, mtoto asichezee masale, yale majani marefu yaliyopandwa mpakani na makaburini. Kwao hutumika hata kuombea msamaha. Babu akimshika mkono kumwonyesha makaburi ya wazee, mwache aende naye.

*Mwanangu wa la kwanza ameng'oka jino la mbele. Shuleni wamemwambia aliweke chini ya mto atapata pesa. Sisi tulikuwa tunarusha juu ya paa. Nifuate lipi? Mama wa Arusha.*

Lirusheni batini. Sisi tuliipa nyumba mgongo, tukarusha na kumwambia panya achukue bovu alete jipya, na ule mlio wa jino kwenye bati ndio uliokuwa raha yenyewe. Kama pesa umeshaahidi, timiza, ila usianze na elfu kumi. Meno ya utotoni ni 20, na hapo limetoka moja.