Gelato ya Italia: angalia rangi kabla hujatoa pesa

Mi nimekulia Malindi, na Malindi Waitaliano ni majirani zetu, gelato, yani aiskrimu yao, tumeijua tangu tuko watoto, kwa hivo nilipoenda Roma mara ya kwanza nilijua tu kule kwao duka lolote utakaloingia utakula kizuri. Si kweli jamani. Siku ya kwanza, hapo karibu na chemchemi ya Trevi, niliingia duka lina milima ya aiskrimu inang'aa ka kanga mpya, nikalipa yuro 9 koni moja ya pistachio, zile njugu za kijani, nikala sukari na arki ya lozi. Iliniuma manake Roma nilikuwa na siku 3 tu na nimeweka akiba miaka.

Nikapanda treni kwenda Bologna kwa dada yangu, mtoto wa mamkubwa, anaishi huko siku nyingi. Nikamhadithia. Akaniambia, "Mdogo wangu, ulikula rangi."

Na kweli rangi ndiyo kitu cha kwanza, hata kabla hujafungua mlango. Pistachio ya ukweli haing'ai, ina kijani kilichofifia kinakwenda kwenye hudhurungi, yani ka ndengu zilizochemshwa. Ukiona kijani cha jezi ya mpira geuka urudi. Ndizi nayo iwe nyeupe iliyochafuka kidogo, mtu yeyote aliyewahi kumpondea mtoto ndizi anajua inavyogeuka, hiyo ya njano kabisa wameitia rangi. Limau ni nyeupe, na nanaa pia mara nyingi ni nyeupe manake majani yanalowekwa kwenye maziwa alafu yanachujwa.

Kitu cha pili ni ile milima. Hapa nataka nieleze vizuri manake ndipo wageni wengi tunapoliwa. Aiskrimu ya kawaida ya dukani inapigwa hewa nyingi, saa zingine nusu ya kopo ni hewa, na mafuta ya maziwa yanafika asilimia 10 au zaidi. Gelato inazungushwa polepole, hewa kidogo, mafuta kwa kawaida asilimia 4 mpaka 8, na haigandishwi sana, inauzwa kwenye nyuzi kama -12 hivi wakati aiskrimu iko -18, ndo maana ladha inakufikia mara moja ulimi haujafa ganzi. Sasa kitu laini hivo hakiwezi kusimama juu ya sinia ka biriani ya harusi kutwa nzima kisiyeyuke. Kikisimama ujue kimejazwa hewa na mafuta ya mimea ya kukishikilia.

Dada alinipeleka duka moja dogo, nikaingia sikuona aiskrimu hata moja, ni vifuniko vya chuma tu vya duara vimejipanga kwenye kaunta. Vinaitwa pozzetti, ni mitungi imezama ndani ya baridi. Mama wa pale akafunua kimoja, akachukua mwiko bapa, akawa anaikandamiza gelato ukutani mwa mtungi, anaivuta, anaikandamiza tena mpaka ikalainika, alafu akaipaka kwenye kikombe. Hakuna kuchota mabonge. Ilikuwa pistachio ya Bronte, mji wa Sicilia chini ya mlima Etna, miti yao huvunwa mara moja kila miaka 2 kwa hivo ukiona pistachio bei imezidi ladha zingine usigombane nao. Ilikuwa na chumvi kwa mbali na harufu ya njugu zilizokaangwa sasa hivi. Nilinyamaza kimya mpaka kikombe kikaisha.

Neno artigianale, yani imetengenezwa kwa mikono, usilitegemee, hata pale Trevi lilikuwa limeandikwa mlangoni. Bora uombe kuonja, sema "posso assaggiare?", na uonje fior di latte. Hiyo ni maziwa, krimu na sukari basi, haina pa kujificha, ikiwa nzuri zingine zote hapo kula bila wasiwasi. Na ladha zikiwa chache zinazofuata msimu ni dalili nzuri pia.

Ukumbuke na haya: bei iwe imebandikwa wazi, mi kikombe kidogo nimekuwa nikilipa kati ya yuro 2.50 na 4. Maduka mengi unalipa kwanza kwenye cassa, yani kwa keshia, unapewa risiti, ndo unaenda nayo kaunta. Ukikaa mezani bei inaweza kupanda kwa hivo kula umesimama. Na ndugu zangu tusiotumia pombe, ladha inayoitwa malaga ina zabibu kavu zilizolowekwa kwenye pombe na ile ya zuppa inglese inatiwa liqueur, pombe tamu, uliza kabla, "c'è alcol?", hawakasiriki.

Ukifika Sicilia sasa, usile koni. Asubuhi wenyewe wanaweka gelato au granita (barafu laini yenye sukari na ladha) na brioche, mkate laini wa mayai wenye kifundo juu, ka sisi na mahamri yetu na mbaazi. Nilikaa kibarazani Catania, nikanyofoa kile kifundo kwanza ka nilivyoona mzee wa meza ya jirani akifanya, nikachovya kwenye granita ya lozi, mkate bado una moto.