Mitetemo au matetemeko?

Msomaji wa Mtwara anauliza: amekuta habari imeandikwa "meli yafanya utafiti wa matetemeko ya miamba chini ya bahari", je hicho Kiswahili kiko sawa?

Hakiko sawa, na inabidi tukirekebishe mapema maana mtu wa pwani akisoma hivyo anaanza kuwaza tsunami. Tetemeko ni ardhi yenyewe inatikisika. Mtetemo unaweza kuwa mdogo kabisa, hata wa simu mfukoni, na kwenye hii kazi ya kutafuta mafuta na gesi unasababishwa na watu: meli inafyatua hewa iliyobanwa majini, sauti inashuka inapenya sakafu ya bahari, kila ikikuta tabaka jingine kiasi chake kinarudi juu kama mwangwi, halafu kuna vinasa sauti kwenye kebo za kilomita kadhaa zinazoburutwa nyuma ya meli, hivyo ndo vinaudaka. Andika utafiti wa mitetemo. Watu wa mafuta na gesi Tanzania wanasema hivyohivyo, data za mitetemo.

Sasa "miamba chini ya bahari", hapo ndo pana shida kubwa zaidi. Kwa mvuvi mwamba ni ule wa matumbawe anaouona maji yakitoka, na chini ya bahari ni pale nanga inapokaa. Wataalamu wanazungumzia vitu vilivyo hata kilomita kadhaa chini zaidi ya hapo! Andika "matabaka ya miamba chini ya sakafu ya bahari", ni ndefu lakini haimpotezi mtu.

Halafu usiseme meli "imepiga picha" ya matabaka hayo ukaishia hapo, kwa sababu picha inatengenezwa baadaye na kompyuta na ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Chukua Ghuba ya Mexico, kule kuna chumvi nene sana katikati ya matabaka. Sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwenye chumvi inafika karibu 4,500, kwa hiyo mwangwi wa tabaka lililo chini ya chumvi unawahi kurudi, na usipoijua hiyo kasi tabaka linaonekana liko juu kuliko lilipo kweli. Basi wanauhamisha mwangwi mpaka mahali pake. Hiyo, ambayo kwa Kiingereza ni migration, iite uhamishaji, sio uhamiaji kama nilivyoona wengine wanaandika, uhamiaji ni wa watu na pasipoti, wakati huku mwangwi hauhami wenyewe, kuna mtu anauhamisha, na ile -ish- ndo inabeba maana hiyo.