Jibu: Hukumu ya kifo ifutwe au ibakie?

Sheikh wangu, umeuliza kwa nini watu wanahukumiwa kunyongwa na hawanyongwi, na jee si bora ifutwe tu. Mie nasema ifutwe, khasa ile ya lazima. Tokea 1994 hajanyongwa mtu Tanzania mana mpaka rais asaini, na Magufuli 2017 alisema wazi hatosaini, basi mtu anakaa miaka na miaka mlango ukigongwa tu roho inamruka, hiyo si adhabu mara mbili? Na Tanzania Bara kwenye kesi ya mauaji jaji hana hiari, akikukuta na hatia ni kitanzi, Mahkama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha 2019 ikasema ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Wanotaja kisasi waisome Qur'ani, sura ya Baqara aya ya 178 mpaka mwisho, warithi wa alouliwa wana haki ya kusamehe, lakini kwenye sheria ya serikali msamaha wao haumuondolei mtu kitanzi. Hapa Wete, Pemba, jirani yetu mwanawe aliuliwa, kanzu yake mpaka leo iko msumarini, na hakuna hata mmoja alomuuliza yule mama anataka nini.