Seli za melanoma kwenye damu: zinatuambia nini?

SWALI: Mama aliondolewa melanoma (saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi) ya unyayoni, na tezi moja ya kinena ikakutwa na saratani. Ndugu yetu aliyeko Marekani anashauri apimwe seli za saratani zinazozunguka kwenye damu. Kipimo hicho kina faida gani?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Seli hizo hubanduka kwenye uvimbe, nazo ni adimu mno: kwenye mililita 7.5 za damu huenda ikaonekana moja au mbili, katikati ya mabilioni ya chembe nyekundu. Chupa ya kwanza ya damu huwekwa kando, maana sindano hubeba seli za ngozi. Inayofuata iwe na dawa ya kuhifadhi seli. Igeuzwe taratibu mara 8, isiwekwe kwenye friji, ipimwe ndani ya saa 96.

Ulizeni maabara inanasa seli kwa protini ipi. Kipimo cha saratani ya matiti hutumia EpCAM, ambayo kwa kawaida seli za melanoma hazina, hivyo huleta sifuri ya uongo. Za melanoma hunaswa kwa sumaku kupitia protini ya CD146.

Huko Houston, Marekani, utafiti wa 2020 wa kituo cha saratani cha MD Anderson kwa wagonjwa 243 wa melanoma ya hatua ya tatu (iliyofika kwenye tezi, kama ya mama) ulionyesha kuwa waliokutwa na seli hata moja walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na ugonjwa ndani ya miezi 6. Hata hivyo, sifuri haimaanishi amepona, wala kipimo hiki bado hakichagui dawa. Fedha zikiwa chache, tangulizeni CT skani na kipimo cha jeni za BRAF na KIT za uvimbe, ambacho husaidia kuchagua dawa.