Mnaoanza kazi na watoto, msiharakishe kuandika "ndivyo alivyo"

Kama ndo unaanza kazi na watoto, iwe ualimu, ushauri nasaha au bado unasomea saikolojia, naomba unisikilize kwenye hili moja maana mimi lilinichukua miaka kulielewa.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mtoto wa miaka minne ambaye kila asubuhi alikuwa anasimama mlangoni kashika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili, haingii hatoki, anaangalia tu wenzake wanavyocheza. Wiki ya pili nikaandika kwenye faili lake "mzito, hapendi wenzake". Yale maneno yakamfuata, mwalimu aliyempokea baada yangu akayasoma akamkalisha pembeni kabla hata hajamjua, na mpaka leo yananiuma kwa sababu yule mtoto wenzake alikuwa anawapenda sana, alichokuwa anataka ni muda. Na dalili niliiona mwenyewe, siku moja niliacha kumvuta mkono nikaweka vitu vya kuchezea karibu na mlango nikaendelea na shughuli zangu, baada ya kama dakika 20 nageuka, begi kaliweka chini na yeye kakaa. Ila faili sikulirekebisha.

Baadaye nikaja kusoma kazi ya Thomas na Chess, madaktari wa akili wa Marekani walioanza kufuatilia watoto New York mwaka 1956, kumbe watoto wa hivi wanajulikana kabisa! Wanaochelewa kuchangamka walikuwa kama asilimia 15, wepesi kulea 40, wagumu kulea 10, na waliobaki, zaidi ya theluthi moja, hawakuingia kundi lolote. Hilo la mwisho lishikeni sana. Halafu walisema shida mara nyingi inatokea pale hulka ya mtoto inapogongana na kile wakubwa wanachokitegemea kwake, na kwa yule mtoto wangu aliyekuwa anagongana naye ni mimi.

Hulka ni ile anayokuja nayo mtoto, haiba, yaani tabia za mtu kwa ujumla, inajengeka juu yake polepole. Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa anawaonyesha vitu vigeni watoto wa miezi minne tu, akakuta kama mmoja kati ya watano anarusha mikono na miguu na kulia, na hao wakikua kidogo wengi wanakuwa waoga wa vitu na watu wageni kuliko wenzao. Lakini wengi hawakubaki waoga kupindukia, ila kugeuka kabisa akawa ndo mchangamfu kuliko wote ni nadra. Ule msemo wetu wa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo una ukweli wake ila haujamaliza, tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu inatokana na kurithi, ndo maana ndugu wa nyumba moja, malezi yaleyale, mmoja mpole mwingine moto.

Sasa pale wanafunzi wengi wanapojichanganya ni kwenye neno kutulia, yaani haiba kutobadilika. Wapange watoto foleni kwa urefu, urudi baada ya miaka mitano, wote wamerefuka lakini unaweza kukuta foleni haijabadilika sana. Haiba nayo ina hayo mambo mawili, kiwango na nafasi kwenye foleni. Mwaka 2000 watafiti Roberts na DelVecchio walikusanya tafiti nyingi wakaona uwiano wa ile foleni (1 ni foleni haijabadilika kabisa, 0 ni imevurugika yote) utotoni ni kama 0.31, miaka ya chuo 0.54, na unazidi kupanda mpaka mtu anafika miaka 50 na kitu ndo unakuwa 0.74. Yaani kwa mtoto mdogo foleni bado inavurugika sana, halafu wewe unataka kumhukumu wiki ya pili?

Na balehe ikiingia kiwango chenyewe kinayumba. Utafiti wa Soto na wenzake wa mwaka 2011, watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha uwajibikaji na upole vinashuka kuanzia mwisho wa utoto kuingia ujana, halafu vinapanda tena. Kwa hiyo mzazi akija analia kwamba binti yake aliyekuwa anapanga madaftari vizuri saa hizi hajali chochote na anajibu hovyo, usimwambie kaharibika. Ila kwa wasichana wasiwasi na huzuni navyo huwa vinapanda umri huo, sasa hapo usipuuze ukasema ni ujana tu, kaa naye umsikilize.

Kwenye faili siku hizi naandika nilichokiona, siku gani na wapi, sifa siandiki. Yule mtoto leo ningemwandikia hivi: "Kasimama mlangoni dakika 20, hakuvutwa, kaweka begi chini mwenyewe."